Gesti, hosteli, hoteli au apatimenti? Kulala Dar kwa bei nafuu ukiwa na kiti mwendo

Piga simu sehemu yoyote ya kulala wageni Dar es Salaam, uliza kama mgonjwa wako mwenye kiti mwendo ataweza kuingia. Jibu ni lile lile: "Hamna shida, vijana wapo." Tafsiri yake ni kwamba kuna ngazi. Vijana wawili watamshika huku na huku, watampandisha, mtashukuru, mtawapa chochote. Shida inakuja saa nane usiku anapotaka kwenda chooni na vijana wamelala.

Mama yangu alivunjika nyonga, na tangu hapo tunashuka Dar kutoka Morogoro kila tarehe ya kliniki inapofika. Safari ya kwanza tulifikia gesti moja ambayo jina lake naliacha. Alibebwa ngazi sita mbele ya watu waliokaa barazani wanakunywa soda. Alipowekwa chini alifunga kanga yake upya, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mimi si gunia la mahindi." Toka siku hiyo begi langu halikosi tepu ya fundi cherehani.

Tumeshalala gesti, hosteli ya kanisa, hoteli ya ghorofa na apatimenti ya kulipia kwa siku. Kila moja ina mahali pake pa kukukwamisha, na si pale pale. Kwa hiyo hapa naziweka zote nne kwenye mizani ile ile, kwa ajili ya anayetumia kiti mwendo, magongo au fimbo, na kwa ajili ya yule anayemsindikiza.

Vipimo kabla ya bei

Mimi naangalia mambo matano: njia kutoka bajaji inaposimama mpaka kitandani, choo na bafu, hali ikoje umeme au maji yakikatika, watu wa pale, na pesa yote ya safari, siyo bei ya chumba peke yake.

Namba chache zitakusaidia. Kiti mwendo cha mtu mzima kwa kawaida kina upana wa sm 60 hadi 70, ukipima kutoka pete ya kusukumia ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Mlango ukiwa na uwazi wa sm 80 unapita bila kuchubua vidole. Ukisikia sm 70, kwanza pima kiti chako. Na uwazi hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka kwenye fremu hadi kwenye ubao wenyewe, maana kuna milango isiyofunguka yote. Kugeuza kiti bila kuhangaika kunataka nafasi ya mduara wa sm 150. Njia ya mteremko inayofaa huwa ni moja kwa kumi na mbili, yaani ngazi ya sm 15 inataka mteremko wenye urefu wa sm 180. Ukiona ubao wa nusu mita umeegeshwa pale, huo ni wa kupitishia pikipiki.

Kwa mwenye magongo namba hizi zinalegea, ila sakafu ndiyo inakuwa jambo kubwa. Vigae vinavyong'aa vikilowa maji ni hatari kuliko ngazi tatu zenye chuma cha kushikilia.

Halafu namna ya kuuliza. Usiulize swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, utajibiwa ndiyo. Uliza namba: "Dada, kutoka getini mpaka chumbani kuna ngazi ngapi? Mlango wa choo una sentimita ngapi?" Kisha omba video ya WhatsApp, moja, isiyokatwa: aanzie barabarani gari linaposimama, apite mapokezi, aingie chumbani, amalizie chooni. Picha hazisaidii, wanapiga kitanda na taulo zilizokunjwa kama bata. Video isiyokatwa haiwezi kuruka ngazi. Anayekataa kuituma naye ameshakujibu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki hizo mwaka 2009. Ni vizuri kulijua hilo unapozungumza na meneja. Usiku wa kwanza, hata hivyo, unasaidiwa zaidi na tepu.

Kutoka barabarani mpaka kitandani

*Gesti.* Nyingi za Sinza, Manzese, Ilala na Buguruni ni za chini au ghorofa moja, na hapo zinashinda hoteli nyingi. Kinachosumbua ni kibaraza cha mbele kilichoinuliwa kuzuia maji ya mvua, na barabara ya mtaa yenye mchanga au mtaro uliofunikwa nusu. Kiti mwendo chenye magurudumu madogo ya mbele kinazama kwenye mchanga kama jembe. Vyumba vya chini vipo ila ndivyo vinavyojaa kwanza, kwa hiyo weka nafasi siku mbili kabla.

*Hosteli za makanisa na taasisi.* Unazijua: Msimbazi Center kule Ilala, Luther House upande wa Barabara ya Sokoine, YMCA na YWCA upande wa Posta na Upanga. Katika aina hii mara nyingi kuna uwanja, gari linaingia mpaka ndani, na korido ni pana kwa sababu zilijengewa watu wengi. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba vyumba vinaweza kuwa ghorofani bila lifti. Uliza ghorofa kabla ya kuuliza kitu kingine.

*Hoteli za bei ya kati.* Hizi ghorofa za Kariakoo, Mnazi Mmoja na Kisutu zina lifti, na lifti ndiyo unayoilipia. Angalia mambo mawili. Kwanza, kabla ya kuifikia lifti mara nyingi kuna ngazi tatu au nne za mlangoni, zile za urembo zenye marumaru. Pili, lifti yenyewe inaweza kuwa ya watu wanne wembamba. Ulizia upana wa mlango wa lifti kama unavyoulizia wa choo. Tena Kariakoo kuna bidhaa zilizopangwa njiani na mikokoteni. Teksi ikikushusha mita hamsini mbali na mlango, mita hizo hamsini ni safari nzima.

*Apatimenti.* Za Mikocheni, Kijitonyama na Upanga zinatofautiana kama watu. Kuna nyumba ya chini ndani ya geti, gari linasimama mlangoni, raha tupu. Kuna nyingine iko ghorofa ya tatu na tangazo halisemi. Usikubali ramani wala anwani, taka video.

Nako chumbani kuna kitanda. Godoro nene juu ya kitanda kirefu cha mbao linaweza kufika kiunoni, na mtu wa kiti mwendo hawezi kuhamia kitu kilicho juu kuliko kiti chake bila kunyanyuliwa. Kiti kwa kawaida kiko kama sm 50 kutoka chini, kwa hiyo kitanda kinachokaribia hapo ndicho unachotafuta. Gesti zina vitanda vifupi zaidi, na wakikuelewa wanakutolea godoro la juu. Chandarua cha mviringo kinachoning'inia katikati nacho kinajisokota kwenye magurudumu. Kifunge pembeni mpaka mama aingie.

Chooni

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo sina haraka.

Mafundi wetu wana desturi: mlango wa choo unakuwa mwembamba kuliko wa chumba, na mbele yake kunajengwa kizingiti ili maji ya bafu yasitoke. Utavikuta vyote viwili katika aina zote nne. Tofauti iko ndani.

Gesti yenye choo ndani, kile chumba wanachokiita selfu, mara nyingi ina chumba kimoja kidogo chenye choo, bomba la mvua juu na ndoo. Kwa macho ni duni. Kwa mtu asiyeweza kuinua mguu ni afadhali kuliko unavyodhani, kwa sababu hakuna beseni wala kioo cha kuvuka: unaweka kiti cha plastiki katikati, anakaa, anamwagiwa maji. Kasoro ni wembamba wa mlango na vyoo vya kuchuchumaa. Kwa mwenye nyonga au goti bovu, choo cha kuchuchumaa kinamaliza mjadala.

Hoteli ya bei ya kati imeweka kibanda cha kioo kwenye ukingo wa sm 15, au beseni la kulala ndani yake. Umelipa mara mbili ya gesti na mama haogi. Tuliwahi kukaa siku tatu katika hoteli ya namna hiyo na kuoga ilikuwa ni kitambaa na maji ya vuguvugu kitandani. Ila choo chao cha kukalia ni imara, kimefungwa vizuri, na sinki linaweza kushikika. Ulizia chumba chenye bafu la wazi. Wakati mwingine kipo kimoja katika jengo zima na hakuna anayekiomba.

Hosteli zina vyoo vya ndani au vya pamoja. Vya pamoja vinaweza kuwa vipana kuliko vyote, mpaka kiti kinageuka. Bei yake ni umbali wa korido usiku, na foleni ya asubuhi wakati nanyi mnawahi kliniki. Kwa mwenye fimbo anayetembea taratibu ni sawa. Kwa mwenye dharura za tumbo au kibofu, lipia cha ndani.

Apatimenti ina vyoo viwili mara nyingi: cha wageni karibu na sebule, na cha chumba kikubwa. Pima vyote. Mara kadhaa kile cha wageni, ambacho hakuna anayekipiga picha, ndicho kilichokuwa na mlango mpana zaidi.

Nikupe na ujanja mmoja ambao umetuokoa mara mbili. Mlango unaofungukia ndani hula sentimita na hula nafasi ya kugeukia. Mwombe mhudumu auchomoe kwenye bawaba, mtundike kanga badala yake. Gesti na apatimenti wanakubali kwa soda ya fundi. Hosteli hutegemea msimamizi. Hotelini watakuambia wamwulize meneja, na meneja anarudi Jumatatu.

Umeme ukikatika, maji yakikatika

Swali la hotelini ni moja tu: "Jenereta inawasha lifti, au taa peke yake?" Mapokezi wengi hulazimika kwenda kuuliza. Ikiwa ni taa peke yake, omba chumba cha ghorofa ya kwanza hata kama lifti ipo, ili ikibidi kubebwa iwe ngazi kumi na tano badala ya sabini.

Gesti na nyumba za chini hazijali umeme kwa upande huo, labda feni na joto la Dar. Zinachojali ni maji. Kwa mtu anayeoga amekaa, ndoo na kopo vinatosha, lakini nani anaichota ndoo na kuivusha kizingiti? Kama msindikizaji naye ni mzee, hilo ni swali la kweli. Hosteli kubwa kwa kawaida zina matangi yake. Apatimenti uliza tangi na uliza luku: kuna zinazokupa umeme wa mwanzo, ukiisha unajinunulia, nawe unakuja kulijua hilo usiku feni inapozima.

Watu wa pale

Hosteli za kanisa ndizo zinazoongoza kwangu, na nasema hivyo nikijua ni suala la bahati pia. Wamezoea wagonjwa wanaotoka mikoani, chai ya asubuhi ipo pale pale, na hakuna anayekutazama mara mbili. Masharti yapo: geti linafungwa mapema, pombe hakuna.

Gesti ina ukarimu wa mtaani; mhudumu anamwita mama "bibi" na anamletea uji bila kuagizwa. Lakini sehemu nyingine pana baa chini, muziki mpaka usiku wa manane. Na jambo wasilolisema mpaka mfike: baadhi ya gesti hazipokei wanaume wawili chumba kimoja. Kijana anayemuuguza baba yake aseme mapema kwenye simu, aeleze hali ya mgonjwa.

Hotelini kuna wafanyakazi saa zote, na hili ni kubwa kwa anayesafiri peke yake. Kaunta ya mapokezi inamfikia mtu wa kiti mwendo kidevuni, kwa hiyo mwambie mhudumu akuletee kitabu cha wageni, usihangaike kunyoosha shingo. Apatimenti ina mlinzi wa geti na namba ya simu ya dalali. Ukianguka bafuni saa tisa usiku, hao ndio ulio nao.

Pesa yote

Bei ya usiku hudanganya. Chukua mfano, namba ni za kuonyeshea tu: gesti ya Sinza kwa 25,000, na teksi ya kwenda na kurudi hospitalini Upanga kwa 20,000 kila siku. Hiyo ni 45,000. Hosteli iliyo karibu kwa 42,000 na bajaji ya 3,000 kwenda na 3,000 kurudi ni 48,000, na chai labda imo. Tofauti ni shilingi elfu tatu, na mama amekaa kwenye foleni ya magari saa mbili pungufu.

Kwa hiyo anza na unakokwenda. Muhimbili, pamoja na taasisi ya mifupa MOI na ile ya moyo ya Jakaya Kikwete, ziko Upanga. Ocean Road ya saratani iko kando ya bahari. Hospitali ya CCBRT iko Msasani. Mwenye miadi ya MOI saa moja asubuhi hana sababu ya kulala Mbagala kwa sababu ni rahisi.

Mwendokasi, iliyoanza mwaka 2016, ina vituo ambavyo jukwaa lake liko karibu usawa na sakafu ya basi, kitu ambacho daladala haina. Saa nne asubuhi au saa tisa mchana ni usafiri mzuri kwa kiti mwendo na unapunguza gharama ya teksi. Saa kumi na mbili asubuhi kule Kimara usijaribu. Bajaji nayo iko chini kiasi cha mtu kujisogeza kutoka kwenye kiti. Kiti kikikunjwa kinaingia miguuni.

Usafiri wa kuja nao unaingia kwenye hesabu. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, inakushusha katikati ya jiji. Basi la mkoani linakushusha kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, na kutoka huko mpaka Upanga ni nauli nyingine nzima.

Apatimenti ina hesabu yake: kwa usiku mmoja ni ghali, kwa wiki moja watu watatu mnaopika wenyewe inaweza kuwa rahisi kuliko zote. Hosteli nyingi hutoza kwa kitanda, gesti hutoza chumba au huongeza kidogo kwa mtu wa pili. Hoteli bei inajadilika, hasa mkikaa siku tatu na zaidi; usione aibu, sema unamleta mgonjwa.

Na kwa ndugu je? Kila familia ina shangazi Tabata. Chumba ni bure, lakini ndugu hapimwi kwa tepu. Mama yangu alikunywa maji nusu glasi kwa siku nyumbani kwa jamaa zetu, ili asimsumbue mtu kumpeleka choo cha nje. Tulikuja kuligundua hospitalini.

Nani alale wapi

Una kiti mwendo na msindikizaji mwenye nguvu, siku moja au mbili: gesti ya chini yenye choo cha kukalia, karibu na hospitali. Beba kiti cha plastiki au kinunue Kariakoo, na kandambili zenye meno chini.

Unasafiri peke yako na kiti mwendo: hoteli yenye lifti iliyounganishwa na jenereta, chumba cha ghorofa ya chini kabisa kinachopatikana. Hapa usibane sana pesa, unalipia mtu wa kujibu simu usiku.

Unatembea kwa fimbo au magongo, taratibu lakini mwenyewe: hosteli. Korido ndefu haikusumbui sana, utulivu unakufaa, na mabenchi ya uwanjani ni ya kupumzikia. Kama chumba ni cha ghorofani, shika chuma cha ngazi ukitikise kabla ya kukubali.

Mzee na mzee mwenzake wanaosindikizana: hosteli au hoteli, kamwe si pale panapotegemea ndoo.

Matibabu ya wiki kadhaa, kama mionzi au mazoezi ya viungo ya kila siku: apatimenti ya chini ndani ya geti, mkilipa kwa wiki. Kaeni usiku mmoja kabla ya kulipa zote. Dalali atakataa, nawe kataa pia, mtakutana katikati.

Mzazi anayembeba mtoto mgongoni: karibu yoyote inafaa leo. Ila mtoto wa miaka minane ana uzito wake, na mgongo wako ndio utakaomhudumia kesho, kwa hiyo chumba cha chini.

Mnaofika usiku, treni imechelewa, mgonjwa amechoka: msianze kuzunguka na bajaji kutafuta bei. Laleni usiku huo hoteli iliyo karibu na stesheni, hata ikiwa ghali, kisha asubuhi msindikizaji aende peke yake na tepu kutafuta pa kuhamia, mama akiendelea na chai yake.